Jasho la Viti vya Wageni

Bibi Kibatari aliwasha sigara, akaivuta mara tatu kwa pampu yake ya kifuani, kisha akailaza juu ya kiti cha mezani taratibu, kama mama anayemlaza mtoto aliyemsumbua kutwa nzima. Akarudi nyuma hatua mbili, akakunja mikono yake ya chuma, akangoja.

Bibi Kibatari hakuwa bibi wa mtu. Alikuwa roboti-mchomaji wa Idara ya Moto wa Majumbani, katika jiji la Mombo, mwaka 2094, na kazi yake tangu asubuhi hadi alasiri ilikuwa kuchoma viti. Sheria ya Viti vya Mezani, iliyotungwa baada ya ghorofa tatu kuteketea na watu wake, ilitaka kila nyumba yenye meza ya chakula iwe na viti visivyoungua. Kila aina ya kiti ilipaswa kujaribiwa kwanza kwa sigara, halafu kwa kiberiti. Kasoro ilikuwa moja: nchi nzima hapakuwa na mvuta sigara kwa miaka thelathini. Lakini sheria haiulizi nani anavuta. Basi nyuma ya jengo la Idara palikuwa na shamba dogo la tumbaku, lenye uzio na mlinzi mwenye rungu, na tumbaku yote ile ilivutwa na viti.

Sigara ikafuka. Mto wa kiti ukaanza kutoa vijitone, kwanza vichache, halafu vingi, mithili ya paji la uso la mtu anayeulizwa jana alilala wapi. Hicho ndicho kilikuwa kiti-jasho, fahari ya kampuni ya Tulizana. Ndani ya sponji yake zilifumwa chembe-hisi milioni mbili. Joto likizidi nyuzi arobaini na tano, chembe hizo hupasuka na kutoa kizimio, majimaji mazito yanayokaba moto kabla haujapata jina. Sigara ikalia *tsss*, ikafa.

"Kimefaulu," alisema Bibi Kibatari kwa sauti yake ya kopo. "Mnusaji aje."

Mnusaji akaja. Jina lake Singano Shemweta, kijana wa miaka ishirini na sita, mwembamba, mwenye pua ambayo watoto wenzake waliitania hadi siku ilipompatia ajira. Kifungu cha tisa cha sheria kilisema kiti kisichoungua lakini kinachonuka hakifai kuwekwa penye chakula, na waliotunga sheria hawakuiamini mashine kuamua kinachonuka. Walitaka pua ya mtu. Wanusaji walikuwa watatu. Mmoja alistaafu, mwingine aliolewa na mfanyabiashara wa vitunguu akapoteza leseni. Akabaki Singano.

Alivua barakoa, akainama, akavuta hewa.

"Namba ngapi?" aliuliza Mhandisi Kokuteta, mkuu wa maabara, mama wa makamo aliyezoea kushika kalamu kabla hajauliza swali.

Fomu ya Idara ilikuwa na majina arobaini ya harufu mbaya, kila moja na namba yake: uvundo, shombo, vumba, kikwapa, beberu, na ndugu zao wote. Singano aliyajua kwa kichwa.

"Kumi na mbili, mama. Plastiki ya moto. Kwa mbali kuna soksi ya mwalimu wa michezo."

"Fomu haina soksi."

"Basi andika plastiki peke yake. Soksi nitakwenda nayo nyumbani."

Kokuteta aliandika bila kucheka, ingawa shavu moja lilimponyoka. "Inavumilika?"

"Inavumilika."

"Vizuri. Jumatatu Kamati inakaa. Ukitia sahihi, kiti-jasho kinapewa Muhuri wa Nchi. Sasa hivi ni Mombo tu inayojaribiwa. Baada ya hapo ni kila nyumba, kuanzia Mtwara hadi Bukoba, kwa miaka kumi. Nenda ukapumzishe pua yako."

"Naomba ruhusa nikamwone mama. Miezi kumi na minne sasa namwona kwenye kioo tu."

Hilo halikuwa utani. Mnusaji aliishi katika bweni la Idara kama mwari aliyewekwa ndani. Hakuruhusiwa pilipili, marashi, sabuni ya harufu wala nyumba ya mtu. Chumbani kwake hapakuwa na meza, kwa hiyo sheria haikumdai kiti. Alikulia chakula chake cha kuchemsha juu ya ndoo iliyofunikwa kifudifudi. Mama yake alikuwa akimwona kwenye kioo cha mazungumzo akila viazi vitupu, anatikisa kichwa: "Mwanangu, wafungwa wanakula kukushinda."

Na huyo mama hakuwa mtu wa kusema hivyo bure. Alikuwa Bi Mwanamvua, mpishi wa pilau. Mombo nzima ilijua kwamba harusi isiyopikiwa na Bi Mwanamvua ni mkutano tu wenye watu waliovaa vizuri.

Kokuteta alifikiri, akatikisa kalamu. "Jumapili. Kwa saa nne tu. Usiguse kitunguu."

*

Jumapili mchana Singano alipanda ngazi za ghorofa ya nne akiwa na tabasamu. Ghorofa ya pili tabasamu likapungua. Ya tatu likaisha. Alipofika mlangoni kwa mama yake alikuwa ameziba pua kwa kiganja, macho yanamtoka machozi.

Harufu ile haikuwamo kwenye fomu. Ilikuwa na shombo ya samaki aliyesahauliwa ndani ya gari juani. Ilikuwa na yai viza. Ilikuwa na beberu, tena beberu mwenye mawazo. Na juu ya vyote hivyo, kama mtu aliyemwagia asali juu ya choo, ilikuwa na utamu mzito uliong'ang'ania kooni ukakataa kushuka. Singano alimeza mate mara tatu. Akabisha.

"Wee! Pua ya serikali imefika!" Mishi, mdogo wake, ndiye aliyefungua. Alikuwa mwanafunzi wa ualimu, mwenye mdomo usio na breki. "Ingia basi, mbona umesimama kama mdai? Kwani kuna nini? Umeona nyoka?"

"Mishi, humu ndani kumekufa nini?"

"Kimya. Unaanza. Mama, mwanao kaja na dharau zake za bwenini!"

Mama akatoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga, akamkumbatia kwa nguvu. Singano akamshika. Alikuwa amekonda. Tena, kitu cha ajabu: kanga yake, ambayo tangu Singano akiwa mtoto ilikuwa ikinukia karafuu na bizari, ilinuka vumba lilelile la chumba kizima.

Sebuleni meza ya chakula ilikaa katikati kama kaburi la mtu mkubwa, na viti-jasho sita vimeizunguka. Vilikuwa bado ndani ya nailoni zao za dukani. Juu ya nailoni mama alikuwa ametandika vitambaa vya kufuma, vyeupe, vyenye maua ya manjano, na juu ya vitambaa, kwa siku za kawaida, nailoni nyingine ili vitambaa visichafuke. Kila nyumba ya Mombo ilikuwa hivyo. Hununui kitu kizuri halafu ukakivua nguo siku ya kwanza, kana kwamba huna haya.

Na bila shaka hakuna aliyevikalia. Mkeka ulitandikwa chini, pembeni mwa meza, sinia likawekwa katikati, wote watatu wakakaa.

"Viti ni vya nani?" aliuliza Singano, akijaribu kupumua kwa mdomo.

"Vya wageni," alisema mama.

"Na mgeni gani amewahi kuvikalia?"

"Bado hajaja," alijibu Mishi, akitia tonge mdomoni. "Wewe tungekuweka, lakini umeshazoea ndoo."

Singano akacheka kwa adabu, akatia tonge lake. Kicheko kikafa.

Pilau ya mama yake ilikuwa na chumvi ya kukaushia ngozi. Bizari haikuwamo kabisa. Mdalasini ulikuwamo kwa watu kumi. Nyama ilikuwa na uchachu, ule wa nyama iliyoomba kuzikwa juzi ikakataliwa. Akatafuna hivyohivyo. Akatazama upande wa Mishi: anakula, anahadithia habari za chuo, anajilamba vidole. Akatazama upande wa mama: mama hakuwa anakula. Alikuwa akimwangalia yeye mdomoni.

"Chumvi vipi?" aliuliza mama.

Singano alishtuka kuliko alivyoshtushwa na chumvi yenyewe. Katika maisha yake yote hakuwahi kumsikia Bi Mwanamvua akimuuliza mtu habari za chumvi. Wapishi wengine walimuuliza yeye.

"Ime... ipo, mama."

*Tap.*

Tone lilianguka ukingoni mwa sinia. Lilitoka kwenye kiti kilicho karibu, chini ya mshono wa mto, likivuta uzi mrefu wa kijani kama mlenda. Mishi akalifuta kwa kidole bila kulitazama, akapangusa kidole kwenye mkeka, akaendelea kula kwa mkono uleule.

"Mishi! Unafanya nini?"

"Viti vipya vyote vinatoka maji. Kwa kina Rukaiya vinatoka zaidi."

Singano alikuwa amefungua mdomo amjibu, ndipo harufu nyingine ikampiga. Hii aliifahamu. Namba nne: pamba inayoungua. Ilitoka jikoni. Akawatazama wenzake. Mishi anachagua kiazi. Mama ameinamisha kichwa. Hakuna aliyegeuka, hakuna aliyekunja hata pua.

Aliruka sinia. Jikoni, kitambaa cha kushikia sufuria kilikuwa kimesahauliwa juu ya koili ya jiko, kimekuwa jivu jekundu, na ulimi wa moto ulikuwa umeshalishika pindo la pazia. Alivuta pazia, akalikanyaga, akalimwagia ndoo ya maji ya vyombo. Moshi ukajaa mpaka dari. Mishi alikuja mlangoni mkono ukiwa bado na wali.

"Heee! Moshi umeingilia wapi?"

"Hukusikia harufu?"

"Harufu ipi?" alisema Mishi, na usoni hapakuwa na mzaha hata chembe.

Zamani king'ora kingelia. Lakini tangu viti viache kuungua, vigunduzi-moshi viliondolewa majumbani. Watu walichoshwa navyo, kila ukikaanga samaki vinakutangaza mtaa mzima. Nyumba ya kisasa ililindwa na viti vyake.

Mama akamtuma Mishi dukani kununua chumvi, ambayo ilikuwapo tele. Alipotoka, Bi Mwanamvua akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi, akashika magoti yake.

"Sisikii, mwanangu. Harufu sisikii, na ladha imeniaga. Mwaka unakwisha."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nikwambie nini? Nilidhani uzee. Mwezi wa Mfungo Mosi nilipikia harusi ya mtoto wa Mzee Kilua, masinia yakarudi yamejaa. Watu walikuwa na adabu, walisema wameshiba. Harusi nzima imeshiba!" Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Waliokuwa hawaishi mjini ndio waliotema. Wa mjini walikula tu. Nikajiuliza, nani mgonjwa, mimi au wao? Nikanyamaza. Mpishi asiyejua chumvi ni nani, Singano? Ni mtu anayechemsha vitu."

Singano akainuka. Alirudi sebuleni, akakishika kile kiti kilichodondosha tone, akakilaza ubavu juu ya meza. Akavua nailoni ya juu. Akavua kitambaa cha kufuma, kikaachana na kilichokuwa chini yake kwa sauti ya plasta inayobanduka kidondani. Akapasua nailoni ya ndani.

Akakimbilia dirishani, akatapika.

Aliporudi, alijilazimisha kutazama. Chini ya nailoni palikuwa na dimbwi la kizimio cha mwaka mzima na zaidi, kijani kilichoiva kikawa cheusi, chenye ngozi juu kama maziwa yaliyoganda. Ndani yake walielea mende watatu waliokufa, miili mizima, wanang'aa, hawajaoza hata mguu. Kitu kile hakikuungua wala kuoza, na hakikuwa na adabu ya kukauka.

Akatazama dirisha. Jua la Mombo lilikuwa limemwagika juu ya viti vyote sita. Akaweka kiganja juu ya nailoni ya kiti cha pili: moto kama kikaango. Hapo akaelewa. Maabara ya Idara ilikuwa na ubaridi wa nyuzi ishirini na mbili, na kiti kilijaribiwa kikiwa kimevuliwa, kama kanuni ilivyotaka. Lakini hapa, kila siku toka saa nne hadi saa kumi, nailoni ililifungia joto la jua, na viti viliamini kwamba nyumba inaungua. Vikatoa jasho. Siku mia nne na zaidi, viti sita vilikuwa vikizima moto ambao haupo, na mvuke wake ukishuka chini, kwenye mkeka, mahali ambapo watu hula.

Chini ya kiti palikuwa na lebo ya kampuni. Aliifuta kwa kidole. *Ondoa nailoni kabla ya kutumia.* Ilishonwa ndani ya nailoni.

*

Jumatatu Singano aliingia kwenye ukumbi wa Kamati akiwa amejitwika kiti kichwani. Mezani walikuwapo watu watatu: Mzee Kapinga, mwenyekiti, aliyependa mambo yaishe kabla ya chai, Mhandisi Kokuteta, na Bwana Ngaiza wa kampuni ya Tulizana, aliyenyolewa vizuri, ambaye koti lake la bei lilikuwa limetundikwa kwenye msumari ukutani nyuma yao.

"Hicho ni nini?" aliuliza Mzee Kapinga.

"Kiti cha mama yangu, mzee. Naomba kichomwe kama kilivyo nyumbani. Na nailoni yake, na kitambaa chake."

"Kanuni haina kitambaa," alisema Kokuteta kwa upole.

"Nyumba zinacho, mama. Zote."

"Kijana," alisema Ngaiza, "lebo yetu inasema wazi watu waondoe nailoni. Hatuwezi kulaumiwa kwa ushamba wa wateja."

"Kwako umeondoa?"

Ngaiza alirekebisha tai. "Sisi tuna watoto wadogo. Wangechafua."

Mzee Kapinga akaguna, akaona njia fupi ni kuruhusu. Bibi Kibatari akaitwa, akawasha sigara, akaivuta mara tatu, akailaza juu ya kitambaa chenye maua ya manjano. Ua moja likaungua, nailoni ikatoboka, sigara ikatumbukia kwenye dimbwi lililo chini yake, ikafa hata kabla ya kulia. Kiti kikatoa povu jeusi kwa pande zote nne.

"Kimefaulu," alisema Bibi Kibatari. "Alama za juu kuliko vyote."

Ngaiza akapiga makofi. Singano alikuwa ameshika ndoo ya mchanga ya zimamoto kwa mikono miwili, amekitia kichwa humo.

"Harufu?" aliuliza Mzee Kapinga, akainuka, akainamia kile kitu kwa karibu kiasi kwamba povu liligusa ndevu zake. Akavuta hewa kwa kishindo. "Mbona safi tu? Mhandisi?"

Kokuteta naye akainama. "Sisikii kitu."

"Na mimi sisikii," alisema Ngaiza. "Labda kijana ana mimba."

Mzee Kapinga alicheka hadi miwani ikateleza. Singano akainua kichwa kutoka kwenye ndoo, akapangusa mdomo, akawaangalia wakubwa watatu wamekizunguka kiti kinachotoa usaha, wanacheka, mmoja ana uzi wa povu jeusi kidevuni. 

"Waheshimiwa," alisema, "kabla hamjaingia humu nilikuja nikaweka kitambaa cha jikoni kwenye sinia la chuma, hapo nyuma yenu, juu ya koili ya jiko la umeme lenye moto mdogo. Kinaungua dakika ya saba sasa. Ni namba nne. Hata mlinzi wa tumbaku kule nje amekisikia, anachungulia dirishani. Yeye anatoka Soni, kila jioni anarudi kwao mlimani, ambako viti hivi havijafika. Nyinyi mmekaa nacho."

Wakageuka. Moshi ulikuwa umepanda ukuta kama mti. Sinia lilikuwa limejaa jivu. Na mkono wa koti la Bwana Ngaiza, ambao haukuwamo katika mpango wa mtu yeyote, ulikuwa umening'inia katikati ya sinia, unawaka taratibu, umeshafika kwenye kiwiko.

"Koti langu!"

"Pole. Lingekuwa kiti lingepona."

Bibi Kibatari akalizima kwa mpulizo mmoja.  Mzee Kapinga alikuwa amesimama akijishika pua, akiiminya, akiiachia, kama mtu anayejaribu kuwasha redio iliyokufa.

Mhandisi Kokuteta akaenda dirishani. Akamwomba mlinzi jani bichi la tumbaku, akalifikicha kwenye viganja mpaka likatoa maji, akaviweka usoni. Akavuta hewa. Akavuta tena, kwa nguvu, mabega yakipanda. Akabaki hivyo muda mrefu, viganja usoni, wakadhani bado ananusa.

"Nina mjukuu wa miezi mitano," alisema mwishowe, bila kugeuka. "Kila nikimbeba nasema, mbona huyu hana harufu ya kitoto? Nikadhani wanamwogesha sana."

*

Muhuri wa Nchi haukutolewa. Hilo ndilo zuri, na liishie hapo. Madaktari walisema kizimio kikiwa mvuke huunguza mishipa ya pua polepole bila maumivu. Watoto huenda wakapona, watu wazima wasitegemee sana. Jiji zima lenye watu laki nne, lililolindwa dhidi ya moto kuliko jiji lolote duniani, lilikuwa halina pua ya kusikia moshi. Na Jumatano, kabla hata wiki haijaisha, Bwana Ngaiza alirudi mbele ya Kamati na koti jipya na pendekezo jipya: pua-umeme, kidude kidogo cha kubandika chini ya kila kiti, kitakachomnusia mwenye nyumba. Mzee Kapinga aliliita jambo la kufikiriwa. Singano aliposikia, alitafuta namba ya uvundo huo kwenye fomu, akapitia zote arobaini, akaona hakuna inayotosha.

Bi Mwanamvua hakungoja Kamati. Alivishusha viti vyake sita uani, yeye na Mishi, akavirundika, akavimwagia mafuta, akatia kiberiti. Majirani wakatoka na vyao. Moto ukapanda mara moja, viti vikafura, vikatoa jasho, vikauzima. Akamwaga tena mafuta. Vikauzima tena. Mara ya nne Rukaiya wa ghorofa ya tatu alianza kucheka, wakacheka wote, wanawake kumi na tano na rundo la viti arobaini vinavyotoa povu, mpaka wengine wakalia.

"Vinanuka?" Bi Mwanamvua alimuuliza mwanawe, aliyekuwa amesimama mbali, upande wa upepo.

"Vinanuka, mama."

"Sana?"

"Mama, mbu wamehama."

"Haya. Vinuke hukohuko."

Idara ilimnyang'anya Singano leseni kwa kosa la kuwasha moto mbele ya Kamati na, hasa, kwa kula pilau. Hakuomba irudishwe. Ijumaa alikuwa jikoni kwa mama yake, dirisha wazi, pazia jipya, sufuria kubwa motoni. Mzee Kilua alikuwa na binti mwingine wa kuolewa, naye ameleta salamu kwamba, kama Bi Mwanamvua yuko tayari kujaribu, yeye yuko tayari kula.

Mama alipima bizari kwa kiganja, kwa mazoea ya mkono. Akatia. Akakoroga. Akafunua sufuria, mvuke ukampanda usoni wote, akafumba macho kama zamani. Akayafumbua.

"Nipe," alisema. "Inanukiaje?"

Singano akainama juu ya sufuria. Ikamjia yote kwa pamoja, ikamjaa kichwani hadi masikioni. Akafungua mdomo kusema. Alikuwa na majina arobaini ya uvundo kwa namba na kwa mpangilio. Angeweza kumtenganishia mtu shombo ya dagaa na vumba la ngisi akiwa usingizini. Jina la hii hakuwa nalo. Serikali haikuwahi kumfundisha.

"Singano. Wali unaiva. Inanukiaje?"

"Inanukia..." Akakwama. Akajaribu tena. "Wakati ule tukiwa wadogo, ukirudi kutoka harusini. Tunajifanya tumelala. Unatupita kitandani kututazama, hatukuoni, lakini tunajua umerudi. Inanukia hivyo."

Bi Mwanamvua aliweka mwiko chini. Kisha akachukua kifuniko, akakirudisha juu ya sufuria.

"Basi bizari imetosha," alisema. "Onja chumvi."